Kijino Hufuata Kosa

Kahe, kabla jua halijaanza ukali wake.
Kibo bado iko wazi, kama sahani iliyosahauliwa mezani;
ikifika saa nne itajifunika.
Kibali kimo mfukoni mwa shati la baba, kimekunjwa mara nne.
Risasi tisa. Nimezihesabu mara mbili,
yeye amezihesabu mara tatu.

Mfuko wa saruji tumeuning'iniza ukingoni mwa korongo,
duara la mkaa katikati,
hatua mia moja, zangu, si zake.
Gunia la pumba chini ya mtutu.
"Piga tatu," nikamwambia, "usijirekebishe.
Kosea kwa uaminifu."
Akanitazama kama niliyemtukana.

Bunduki hii ilikuwa ya askari, kisha ya meneja wa katani,
kisha ya babu Mkonyi.
Ngazi yake ya nyuma ina namba hadi elfu mbili.
Nani, nawauliza walioichonga, nani
alimwona mtu kwa umbali huo
akawa na hakika kwamba ni adui?

Babu alipiga nguruwe wa mahindi hadi mwaka aliokufa.
Baba akarithi bunduki na shamba,
akakosa miaka kumi na tisa.
Nguruwe wakamzoea. Majirani wakambandika jina: Kengele,
maana kazi yake ni kuwajulisha tu.
Mama alisema ni macho. Yeye alisema ni mkono;
chai ikimwagika kidogo aliutazama mkono ule
kama mtu anavyomtazama mtoto aliyefeli.

Tatu zikalia.
Korongo likajibu, mbwa wa ng'ambo ya reli wakajibu.

Nikaenda kwenye saruji. Katikati, mkaa mtupu.
Lakini kushoto, shubiri moja nje ya duara,
matundu matatu yamesongamana
hata nikatoa kifuniko cha kopo la kiwi
na kikayafunika yote.
Sikusema kitu. Nilirudi nimekikumbatia.

Kule ghala la silaha, sajini Lohay alitufundisha sentensi moja:
jicho la nyuma hulikimbia kosa,
kijino cha mbele hulifuata.
Risasi ikienda kushoto, kisukume kushoto.
Ikipiga chini, kipunguze kwa tupa, ila taratibu,
chuma kilichokatwa hakisikii samahani.
Nilidhani ni ufundi tu.

Nyundo ndogo. Kipande cha shaba, kisikwaruze.
Gonga. Wapi.
Gonga. Wapi.
Kutu ya wenyewe watatu imeshikana pale.
Tone la mafuta ya taa, tukasubiri, tukanywa chai ya chupa.
Gonga, kikasogea, nusu ya unene wa njiti,
na pale kilipokaa miaka yote
chuma kiking'aa kama ngozi chini ya mkanda wa saa.

Nikawasha koroboi, nikakipaka kijino masizi
kisimetemete juani.
Tatu nyingine: zimekaribia.
Gonga.
Mbili: ndani ya mkaa.

Ndipo baba akauliza, bado amelala kifudifudi,
"Kwa hiyo mzee alijua?"

Alijua, au mwili wake ulijua.
Alilenga kulia, shubiri moja ya hewa,
asubuhi baada ya asubuhi,
mpaka akasahau kwamba hapo kuna neno la kumwambia mtoto.
Hayo niliyawaza. Nilichosema ni: "Labda."

Imebaki moja. "Piga," nikasema.
"Ibaki. Ya nguruwe."
Akainuka, akapangusa magoti, akatembea hadi kwenye saruji.
Yale ya katikati hakuyagusa.
Akaingiza kidole katika yale matatu ya kushoto,
moja, kisha jingine, kisha jingine,
mgongo wake kwangu, Kibo tayari imejifunika,
na bila kugeuka akanyosha mkono ule ule
akaomba kile kifuniko.