Mpaka Nikuambie Basi

Saa moja kasoro robo, Jumatatu ya Januari.
Huku kwetu kaskazini giza halina haraka,
hukaa mpaka saa nne
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Nimesimama na Oskari kwenye mteremko wa kanisa,
yeye ameshika taa, mimi mfuko wa mirija,
na kila gari tunalisimamisha. Kila gari.

Mwoka mikate: sifuri.
Muuguzi atokaye zamu ya usiku: sifuri,
na mwayo mrefu kuliko mrija wenyewe.
Mchungaji: sifuri, lakini ameona haya,
utadhani nimemtaka aungame.

"Puliza," nawaambia. "Puliza, puliza,
usikate pumzi mpaka nikuambie basi."
Maneno haya nimeyasema hadi yameota sugu.

Ndipo likatokea konani
basi.

Basi la shule, taa zote ndani zinawaka, viti vitupu,
na Veikko Särkilahti usukanini, kofia yake ileile ya manyoya.
Akafungua dirisha, akacheka.
"Tuulikki! Leo unanisimamisha mimi?"

Nilikuwa na miaka minane, kiti cha tatu kushoto.
Asubuhi moja nilipoteza kiatu thelujini,
na huyu mtu alizima injini, akashuka,
akakitafuta kwa mikono mitupu
huku basi zima likimpigia makofi.
Hakuwahi kuniacha. Hata siku moja.

"Puliza, Veikko."

Akapuliza. Mvuke ukamzunguka ndevu.
Mimi natazama kioo kidogo, tarakimu zinapanda,
nazisihi moyoni zisimame,
hazisimami.
Basi, nikasema. Basi.

Hakuwa amelewa. Hilo niliandike.
Hakuyumba, ulimi haukumteleza.
"Jana nilitimiza sitini na tano," akasema,
"kaka yangu alivuka kutoka Uswidi na chupa mbili.
Lakini nimelala, Tuulikki! Nimeingia sauna,
nimekunywa kahawa vikombe vitatu."

Kahawa humwamsha mlevi, haimlevui.
Ini lina saa yake, na saa hiyo
haisogezwi mbele kwa jasho wala kwa mto wa kulalia.
Nayajua haya, nimeyafundisha ukumbini kwa picha na chati,
na Veikko alikuwa safu ya mbele,
akitikisa kichwa, akikubali.

Nikanyoosha mkono.
Hakubisha. Afadhali angebisha.
Akanipa funguo zikiwa bado na joto la kiganja,
na kiatu kidogo cha plastiki kikining'inia kwenye pete,
chekundu,
mkumbusho wa kile changu, aliniambia zamani, nami nilisahau.

Oskari akamkalisha kwenye gari letu, akamfunika blanketi,
akaanza kuandika. Ripoti haina mahali pa kiatu.

Mimi nikaendesha mpaka kituoni, penye njia ya kiwanda cha mbao.
Watoto tisa, vipande vya kung'aa vinaning'inia makotini,
nilipowamulika wakageuka nyota zilizoshuka chini kusubiri.
Kati yao na barabara hakuna ukuta,
ni theluji iliyorundikwa tu, kimo cha goti.
Nilipaangalia pale muda mrefu.
Tairi halihitaji kuyumba sana.

"Veikko anaumwa?" akauliza aliye mdogo kuliko wote.
"Dereva mwingine anakuja," nikasema.
"Lakini Veikko anaumwa?"

Mjini watajua kabla ya chakula cha mchana.
Wengine watasema nimemkata mkono aliyenilisha,
na dukani mazungumzo yatanyamaza nikiingia kununua maziwa.
Sawa. Nitanunua maziwa.

Yule mdogo alivua glavu,
akakusanya vidole mdomoni,
akapuliza kuvipasha moto. Akapuliza, akapuliza,
pumzi yake nyeupe, safi, haina tarakimu.
Nikasimama kati yake na barabara,
funguo zikinichoma mfukoni,
wala sikumwambia basi.