Aliyekufa Hajahama

Radi ilishuka Jumapili, ikaingia kwa waya,
ikala kadi ya mtandao ya seva ya koperativa,
ikaacha harufu ya mahindi yaliyoungua.
Jumatano nikapata kadi mpya:
imevuka mpaka mfukoni mwa dereva Sebuhoro,
imefungwa ndani ya soksi.

Nikakaza skrubu mbili. Taa ya kijani ikawaka.
Nikaiambia: wewe sasa ndiwe nne,
mia moja tisini na mbili, mia moja sitini na nane, kumi, nne,
anwani inayojulikana na madirisha yote ya hapa Majengo.
Mashine ikakataa kwa adabu:
anwani hii ina mwenyewe.

Mwenyewe yupi?
Mwenyewe ninaye mkononi,
mweusi ubavuni, meno yake ya dhahabu yamejaa masizi.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Hawakusema ufanyeje
fahali mmoja akiwa mzoga
na zizi bado linaitwa kwa jina lake.

Nje foleni imefika kwa muuza makaa.
Mama Nsimire akapiga kiganja kwenye kioo:
“Feza yetu iko mu ile sanduku, ao nayo imeungua?”
Nikamwambia iko. Nikamwambia dakika kumi.
Zilikuwa dakika kumi za tatu.

Kuna amri ya kuiomba mashine ionyeshe vilivyofichwa.
Nikaiandika. Orodha ikafunguka,
na humo, kati ya majina meusi yaliyo hai,
jina moja la kijivu, limefifia kama wino wa risiti ya mwaka juzi:
kadi ya zamani, imeketi kwake,
haijaambiwa kuwa imekufa.
Nikabonyeza: futa.
Ikaniuliza kama nina uhakika.

Nilikawia hapo.
Baba ana karatasi ya kiwanja, mihuri mitatu,
mita kumi na tano kwa thelathini,
mpaka wa mashariki: mparachichi wa jirani.
Lava ilipita juu yake nikiwa na miaka saba.
Mparachichi hakuna, jirani hakuna.
Juu ya jiwe Kambale amejenga nyumba ya mbao,
naye ana karatasi yake, mihuri minne,
na kila kiangazi wanakutana mbele ya mkuu wa mtaa,
watu wawili wa namba moja,
kila mmoja akiitika inapoitwa.

Nina uhakika, nikajibu.
Kuhusu kadi.

Ikakubali. Foleni ikapiga makofi mapema mno,
maana hata chai sijaonja, onyo likarudi:
kuna mwingine, humu humu, anatumia anwani hii.
Nikachomoa waya wa seva, seva ikawa kiziwi,
nikaiita nne kutoka mashine ya keshia.
Nne ikaitika.
Nywele zilinisimama, sisemi uongo.

Nikapanda ngazi, chumba kwa chumba,
nikichomoa na kuita,
nikichomoa na kuita,
mpaka kwa meneja: printa, bado ina plastiki ya dukani.
Siku tatu seva ilipokuwa kimya
kigawa namba kilidhani wenyewe wamehama,
kikampa mgeni ufunguo.
Si mwizi. Aliomba mahali, akapewa.
Nikampa sitini na moja,
nikakikataza kigawa namba kuigusa nne tena.

Hata hivyo mashine za madirishani
ziliendelea kubisha hodi kwa marehemu;
jirani hukumbuka sura kuliko namba.
Ikabidi nizipitie moja moja,
nizisahaulishe.

Saa nane na robo Mama Nsimire alihesabu noti zake,
mara mbili, akilowesha kidole.
“Kumbe ilikuwa shida gani?”
Anwani, nikasema. Wawili, nyumba moja,
na mmoja wao alishakufa.
“Ni iyo tu?” akacheka, akifunga kitenge kiunoni.
“Iyo tunaijua.”

Kadi iliyoungua nimeirudisha ndani ya ile soksi.
Sijui niitupe wapi.