Gundi ya Mgunga

Saa nane usiku, Kiborloni.
Kiungulia kimepanda tena: mtori wa jioni,
mbege kikombe kimoja (haya, viwili),
na moto unalamba kifua hadi kooni.

Naketi, mito mitatu mgongoni.
Vipande vya gundi ya mgunga
alivyonipimia Nasinyari kwa kifuniko cha chupa
vimelainika kikombeni, vimekuwa ute.
"Mti ukikatwa," alisema, "hujiziba wenyewe."
Akafunga fundo, akadai mia tano.

Nakunywa. Hauna ladha,
ila unateleza, unakandika koo
kama udongo ukutani.
Moto unanung'unika, unashuka.

Kinachobaki kifuani si nyongo.
Ni neno nililolimeza kwenye kikao cha kihamba,
Ndelilio akisogeza mpaka hatua tatu,
nami nikisema, "Sawa, kaka. Lete kata."