Kanda la Usufi

Daktari alinionyesha picha ya nyonga yangu,
akasema mfupa umeanza kuwa na vishimo
kama andazi lililoumuka kupita kiasi.
Beba vitu vizito, Mbeyu, mara tatu kwa wiki.
Nikacheka. Miaka kumi na tisa
nawageuza wazee wa Dundee vitandani mwao,
nawavisha soksi, nawainua kutoka bafuni,
leo naambiwa nikanunue uzito kwa pesa.

Nakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti.
Nilipima pembe iliyo kati ya kabati na dirisha
kwa utepe wa cherehani:
hatua mbili kwa tatu, na mlango ukifunguka
unakula nusu ya hatua.
Basi ile mashine ya kamba na puli
niliyoipapasa dukani, yenye kiti na kioo,
ikaanguka yenyewe kwenye orodha.
Benchi likafuata. Nitalala sakafuni, sakafu haina bei.
Mashine ya kukimbilia sikuiuliza hata jina:
hapa kila mtaa ni mlima,
na mvua ya kukukimbiza ni ya bure.

Cha kwanza nilichonunua hakikuwa chuma.
Kilikuwa zulia la mpira, nene kama mkate wa sinia,
kwa ajili ya Mzee Gourlay wa chini yangu
aendeshaye basi la usiku na kulala asubuhi.
Nguvu za kumkosesha jirani usingizi hazina baraka.

Chuma nilikifuata Lochee, gereji ya mama mmoja,
Eilidh. Mwanawe kahamia Perth,
si Perth hii ya jirani, ile ya Australia,
akaacha vyuma vimepangwa ukutani kama masufuria.
"Chukua vyote," akasema, "vinanitazama."
Sikuchukua vyote.
Niligonga kila sahani kwa ukucha, nikasikiliza,
kama mtu anayechagua fenesi.
Nikaacha iliyopasuka, nikaacha zile za plastiki
zenye mchanga tumboni; hizo huvuja.
Kengele ya chuma yenye mkono, kilo nane: ndiyo,
itakaa chini ya kitanda kama kuku anayeatamia.
Upau mfupi wa kilo kumi, shingo haina kutu: ndiyo.
Vifungo viwili; nilivitikisa kabla ya kulipa.
Sahani mbili za kumi, mbili za tano.
Kisha nikaomba na zile ndogo, nusu kilo, mbili.
Eilidh akakunja uso.
"Arobaini haikutoshi?"

Sikumjibu pale.

Mama aliposhindwa kutembea, kule Kaloleni,
nesi alimpima: kilo arobaini na moja.
Chengo, mdogo wangu, ndiye aliyembeba
kutoka kitandani hadi kwenye jua la asubuhi, miezi mitano,
na mgongo wake hadi leo hauinami sawasawa.
Mimi nilituma pesa. Nilipiga simu kila Jumapili,
nikasema, pole, Chengo, jikaze.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Usufi ule niliubeba kwa sikio moja
huku nikikoroga chai.

Sasa ni wiki ya kumi na nne.
Nilianza na upau mtupu, mgongo wima, pumzi kifuani,
kisha tano, kisha kumi,
kisha zote nne, na hapo nikakwama karibu mwezi mzima.
Jana nikachomeka zile ndogo mbili mwishoni.
Upau ukapanda hadi magotini, ukasita,
ukapanda tena.
Si mzito kama nilivyoogopa,
wala si mwepesi kama nilivyokuwa nikiusema kwenye simu.
Nikaushusha polepole, kama kitu kinachoweza kuumia.
Chini, Mzee Gourlay hakugonga dari.

Leo ni Jumatano.
Nimempigia Chengo, kumwuliza mgongo.