Chupa Ilisema Maji

Duka langu liko Chikongola, nyuma ya soko,
pale mfereji unapokata kona.
Nauza sukari kwa robo, mafuta kwa kijiko,
na zamani niliuza dawa ya choo kwa mia tano.
Nani ana hela ya dumu zima?
Mteja alikuja na chupa yake, na haraka yake:
"Chande, nipimie kidogo, wakwe wanafika kesho."
Nami nikiinamisha dumu, nikipima kwa jicho,
nikikaza kizibo, nikirudisha chenji.
Chupa zenyewe zilikuwa za maji ya kunywa.
Mji huu umejaa nini kingine?

Ikaja Jumatatu moja ya msimu wa korosho,
joto limekaa juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Fikiri wa Mwanahawa, miaka minne, katoka kucheza,
akaikuta chupa kizingitini mwa bafu.
Picha ya mlima, maandishi ya samawati.
Kusoma hajui, ila mlima ule aliujua.
Na angejua kusoma
angesoma: Maji Safi ya Kunywa.

Mama yake akataka kumtapisha, kidole tayari.
Huyu analeta maziwa, yule yai bichi.
Bi Somoe akaupiga mkono ule chini:
"Kilichounguza kikishuka kitaunguza kikipanda!
Msukutueni mdomo. Bajaji iko wapi?"

Ligula, nesi kainua kalamu:
"Kanywa nini?"
"Dawa."
"Dawa gani?"
"Ya Chande."

Ya Chande.
Kwenye vitabu vyote vya hospitali
hakuna ukurasa wenye jina langu.
Nilifika nakimbia, dumu begani,
lebo imebanduka nusu, nusu iliyobaki
ndiyo waliyoisoma.

Alipona. Nalisema sasa usije ukaibana pumzi.
Funda moja lilipita, la pili alilitema.
Siku tisa za uji wa baridi.

Wiki iliyofuata Bi Somoe akaja dukani,
hakununua kitu. Akaniwekea viganja mezani,
vyeusi kwenye mikunjo, vimeng'aa kwenye makovu.
"Nimebangua korosho miaka kumi na moja.
Ganda lile lina mafuta yanayokula ngozi
na hakuna aliyeliandika neno.
Ila mama, kabla hajanipa jiwe la kubangulia,
alinipaka majivu, kidole kwa kidole.
Wewe ulimpa nini Mwanahawa
kabla hujampa chupa?"

Nikanunua plasta nyeupe na kalamu ya wino mzito.
Nikaandika, herufi zangu mbaya:
*Dawa ya choo. Hainyweki.
Na jiki haichanganyiki,
moshi wake haushikiki.
Fungua dirisha. Vaa glavu.
Weka juu, mtoto asikofika.*
Bi Somoe akasoma, akasema vina si lazima.

Siku hizi mtu akija namuuliza kwanza anasafisha nini.
Sakafu ya saruji? Sabuni ya kipande, maji ya moto, na mgongo wako.
Anataka inayonukia ndimu.
Namwambia harufu ni harufu tu, uchafu hauna pua.
Wengine hucheka. Wengine huvuka mfereji
kwa Likwati, anayepima kwenye chupa yoyote, bila maswali,
na mia moja inabaki mfukoni mwao.
Siwalaumu. Daftari langu linawalaumu kidogo.

Jioni, nikishafunga, nashuka mferejini
na msumari. Naokota chupa za maji,
naitoboa kila moja kitako
isije ikajazwa tena uongo.
Nyingi mno. Nazijua ni nyingi mno.

Jana Fikiri, ambaye akiniona hununa,
alisimama juu ya ukingo muda mrefu.
Kisha akanyoosha mkono, kwa mbali kabisa,
ameshika chupa tupu kwa shingo
kama mtu aliyeshika nyoka,
akangoja nimpe msumari.
Sikumpa. Nilitoboa mimi,
yeye akahesabu.