Vidole Kumi

Baba aliandika kwa penseli,
kila Jumatatu, saa moja asubuhi, miguu ndani ya Luiche:
*Kina, magotini. Rangi, hakuna. Vidole, kumi.*
Maana yake alivihesabu vidole vyake chini ya maji
na hakuna kilichokosekana.

Hicho ndicho kipimo alichokiamini.
Kile cha serikali, nguzo ya chuma yenye namba,
alikisoma kwa sababu kilimlipa.

Nageuza kurasa. Mwaka wa kufyeka matete
ili mpunga ushuke hadi ukingoni:
*Vidole, vinane. Wamesafisha upande wa Bitariho.*
Mwaka wa mbolea ya ruzuku, malori matano pale shuleni:
*Vidole, vitano. Mahindi mazuri sana.*
Kisha mvua ile kubwa, kisha mashine ya mawese
ikimwaga maji yake mekundu mferejini,
kisha nyumba zikapanda mlima, na vyoo vyake:
*Vidole, sioni. Mawe yana utelezi.*

Neno hilo, utelezi, amelipigia mstari mara mbili.
Hakuandika tena vidole.

Mimi nimepewa chupa za plastiki na kisanduku cha barafu.
Nazipeleka mjini, namba zinarudi baada ya wiki mbili:
naitreti, fosforasi, majina ya wageni
waliokaa kabla ya kubisha hodi.
Yustina wa maabara, binti mpole, alinieleza:
Si sumu, mama. Ni chakula, kimezidi tu.
Mto umevimbiwa.
Kule unakoingia ziwani ukoga unastawi,
ukistawi unakufa, ukioza unakula pumzi ya maji,
na vifaranga vya samaki vinapanda juu, midomo wazi,
kama watu waliofika msibani wakakosa la kusema.

Nikamuuliza, ni nani?
Akafungua ramani, vijito vikikusanyika
kama mishipa nyuma ya kiganja. Akasema, wote wa juu.

Mimi naishi juu.

Nina robo eka ya vitunguu, hatua kumi kutoka kwenye nguzo.
Vidole vyangu vinaijua yurea, punje nyeupe, baridi,
inavyotoroka na mvua kabla hujaifukia.
Ada ya Nyandwi, kidato cha pili, imetoka humo.
Bati la jikoni limetoka humo.
Basi nikichota chupa ya Jumatatu
nachota ada, nachota na bati,
na namba naiandika kama ilivyokuja
ingawa mkono ulitaka kuipunguza.

Msimu huu nimeyaacha matuta matatu ya chini.
Nimepanda matete, mashina niliyoomba Simbo.
Ruhwanya amecheka hadi akakaa chini:
Unapanda gugu ambalo sisi tulilipwa kuling'oa?
Nikasema ndiyo. Sikuwa na jibu jingine.

Yustina amenionya nisitazamie kitu mwakani,
wala mwaka utakaofuata.
Udongo una akiba. Kilichomwagwa enzi za baba
bado kiko njiani, kinatembea chini kwa chini
kama deni la marehemu
linalouliza nyumba ya wajukuu ni ipi.

Jumatatu. Saa moja. Nimevua viatu.
Daftari ni lilelile, zimebaki kurasa nne.
*Kina, magotini. Rangi, chai. Vidole, hakuna.*
Nikalifuta hilo la mwisho, nikavikunja mle topeni,
nikaandika upya:
*Vidole, havionekani. Vipo.*