Hesabu ya Punda

Nimekaa na kalamu,
Langoni, mji wa Lamu,
nitoe yangu hukumu:
punda abaki zizini?

Kwa siku pumba ni mia,
goti moja laumia,
mchanga ukizidia
hulala pale njiani.

Famau mwanangu hima
kwa simu alishapima:
"Baba, hesabu yasema
leo aende sokoni."

Ni kweli. Sikumpinga.
Kamba nikaenda funga;
kidole kikajigonga
kwenye kovu la shingoni.

Moyo ule ulowaka,
ni fimbo uliyoshika;
leo umelainika —
niuamini kwa nini?

Hesabu haijachapa
mnyama yeyote hapa;
ila jambo ilikwepa:
deni langu la shingoni.

Nikaongeza mstari:
"Kovu." Bei si tayari.
Famau anasubiri;
punda, pumba mdomoni.